Yaurti kwa tumbo lisilopatana na maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma na Bukavu

Nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi na linaendesha, lakini yaurti nakula salama. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ndiyo hali ya wengi. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na mwili hauwezi kuinyonya mpaka zitenganishwe. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachoitwa laktezi, kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wazima wengi duniani kimepungua, kidogo kidogo, tangu walipoachishwa ziwa. Laktosi isiyotenganishwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa humo wanaila na kutoa gesi. Hapo ndipo tumbo linaponguruma.

Yaurti inasaidia kwa njia tatu. Kwanza, bakteria walioigandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, asilimia 20 hadi 30 hivi. Pili, na hili ndilo kubwa, bakteria hao wamebeba ndani yao kimeng'enya chao cha kuvunja laktosi. Asidi ya tumbo haiwamalizi upesi, kwa sababu yaurti yenyewe inapunguza makali ya asidi hiyo. Wakifika utumbo mwembamba, nyongo inatoboa ngozi yao na kimeng'enya kinatoka kuendelea na kazi mlemle ndani. Tatu, yaurti ni nzito kuliko maziwa, hivyo inatoka tumboni polepole na utumbo haupati mzigo wote kwa mara moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa watu wasiovumilia laktosi kiasi kilekile cha laktosi, mara katika maziwa, mara katika yaurti. Haidrojeni katika pumzi, ambayo ndiyo alama ya laktosi kuozea utumbo mpana, ilikuwa theluthi moja tu walipokula yaurti.

Je, kila kitu kinachoitwa yaurti kina faida hiyo?

Hapana. Faida iko kwa bakteria walio hai. Wanaohusika ni wawili: Lactobacillus bulgaricus, aliyetambuliwa na Mbulgaria Stamen Grigorov mwaka 1905, na Streptococcus thermophilus. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kuandika kwamba yaurti inasaidia kusaga laktosi iwapo tu kila gramu ina bakteria hai wasiopungua milioni 100.

Kwenye butiki, soma kikopo au sashe. Maandishi mengi ni ya Kifaransa, na maneno machache yanatosha:

- "Ferments lactiques vivants": bakteria wako hai. Hiyo ndiyo unayotafuta.
- "Traité thermiquement après fermentation": imepashwa moto baada ya kuganda ili ikae muda mrefu. Bakteria wamekufa. Laktosi imepungua kidogo, lakini msaada wa ndani ya utumbo haupo tena.
- "Boisson lactée" au "boisson au yaourt": ni kinywaji. Huenda ndani kuna maziwa ya unga au "lactosérum", yaani majimaji ya jibini, ambayo yamejaa laktosi.

Kama hakuna maandishi yoyote, angalia inavyouzwa. Yaurti inayokaa kwenye rafu ya kawaida miezi mingi bila frigo, karibu kila mara imepashwa moto. Ile ya sashe inayotengenezwa mtaani na kuuzwa ndani ya siku mbili tatu kwa kawaida iko hai, ila usafi wake unategemea mtengenezaji. Ukitaka uhakika, chukua kijiko chake ujaribu kugandishia maziwa. Yakiganda, bakteria wako hai.

Sukari ya kawaida na rangi ya frezi hazihusiani na laktosi. Zinaweza kukudhuru kwa mengine, lakini gesi haitoki huko.

Nitajuaje kama ni laktosi kweli? Mbona hata maharage yananiletea gesi?

Swali zuri, kwa sababu wengi hulaumu maziwa bure. Maharage, vitunguu na kabichi vinaleta gesi kwa mtu yeyote, kwa sababu vina sukari ambazo binadamu hana kimeng'enya chake kabisa. Ukila bugali na maharage saa sita, kisha chai ya maziwa saa kumi, huwezi kujua mwenye kosa ni nani.

Fanya hivi. Kaa siku 14 bila maziwa, bila chai ya maziwa, bila maziwa ya unga, bila yaurti wala krimu baridi. Kama dalili zimebaki vilevile, laktosi siyo sababu na huna haja ya kuendelea na jaribio. Kama zimepungua, asubuhi moja kabla ya kula chochote kunywa maziwa mililita 250 peke yake, kisha usile kitu kwa muda wa saa 4. Dalili za laktosi huanza kati ya nusu saa na saa 2: tumbo kujaa, kunguruma, gesi, msokoto, na kwa wengine kuhara majimaji. Homa haipo. Damu haipo.

Usipopata chochote kwa mililita 250, ama unavumilia laktosi, ama upungufu wako ni mdogo kiasi kwamba hauna sababu ya kukunyima yaurti. Kwa shughuli zetu hapa, majibu hayo mawili ni sawa.

Hospitali kubwa zenye mashine hupima pumzi: unakunywa laktosi iliyopimwa, kisha unapuliza kila nusu saa. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 katika milioni au zaidi, jibu ni ndiyo.

Naweza kula kiasi gani?

Watu wazima wengi wenye upungufu wa laktezi wanamudu hadi gramu 12 za laktosi kwa mara moja bila dalili, au kwa dalili ndogo. Zaidi ya hapo inategemea mtu. Hesabu za kila siku ziko hivi:

Maziwa ya ng'ombe mililita 250 yana gramu 12. Chai ya maziwa ya ukubwa huo, nusu maji nusu maziwa, gramu 6. Yaurti gramu 150, yaani bakuli dogo, ina gramu 6 hivi, lakini kwa tumbo ni kama pungufu ya hapo kwa sababu ya bakteria. Kijiko cha supu cha maziwa ya unga kilichojaa (gramu 10) kina karibu gramu 4, na hapa watu hujidanganya: vijiko vitatu ndani ya uji wa masoso ni sawa na kikombe kizima cha maziwa. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yana gramu 2 hivi kwa kijiko.

Gramu hizo zinajumlishana. Yaurti ya saa nne pamoja na chai ya maziwa ya saa nne ni mzigo mmoja.

Nimeogopa maziwa miaka mingi. Nianze vipi?

Polepole, na kamwe usianze na tumbo tupu. Chakula kilichotangulia kinaizuia yaurti isiteremke mbio.

Siku 3 za kwanza, kula vijiko 3 vya supu vya yaurti isiyo na sukari mara tu baada ya chakula cha mchana. Siku 4 zinazofuata, ongeza hadi gramu 100. Juma la pili, bakuli la gramu 150 mara moja kwa siku. Juma la tatu unaweza kula mara mbili, moja mchana na nyingine jioni, zikiachana kwa saa kadhaa. Dalili zikirudi, rudi kwenye kiasi cha nyuma ukae hapo siku tatu nne kabla ya kupanda tena.

Gesi kidogo katika siku za mwanzo isikutishe. Mwili hauanzi kutengeneza laktezi upya kwa mazoezi, ila bakteria wa utumbo mpana huzoea laktosi wanayoletewa kila siku na gesi hupungua. Ndiyo maana kidogo cha kila siku ni bora kuliko nusu lita ya Jumapili.

Na usiipike. Yaurti iliyochemshwa ndani ya mchuzi ni chakula kizuri, lakini bakteria wamekufa. Kama unaitaka kwenye mchuzi, epua sufuria kwanza, acha ipoe kidogo, ndipo uitie.

Na mashanza? Wazee wetu hawakuwa na yaurti ya dukani.

Mashanza na maziwa mengine yaliyoachwa yagande yenyewe yana laktosi pungufu kuliko maziwa mabichi, na wengi wanayamudu. Lakini kuna tofauti mbili na yaurti.

Ya kwanza ni ya bakteria. Maziwa yanayoganda kwa ubaridi wa nyumba huwa na mchanganyiko wa bakteria wa kila namna, na wengi wao wanavunja laktosi kwa njia nyingine isiyosaidia sana baada ya kumezwa. Basi tegemea nafuu, si nafuu ileile. Anza na nusu ya kiasi ambacho ungekula cha yaurti.

Ya pili ni ya usalama, na hapa hatubembelezi mtu. Mashanza ya maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela (bakteria wa mifugo wanaomletea mtu homa) na kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu hauwaui kwa uhakika. Chemsha maziwa kwanza, yapoze, kisha tia vijiko viwili vya mashanza mazuri ya jana kama mbegu. Ladha inabaki, hatari inaondoka. Mama mjamzito asikubali mengine zaidi ya hayo.

Tena, maziwa mabichi "ya asili" hayana laktezi ndani yake. Anayekuambia ukiyanywa bila kuchemsha hayatakusumbua, anakuuzia maneno.

Nitengenezeje yaurti nyumbani kwa mbabula, bila kipimajoto?

Kwa lita 1 ya maziwa freshi unahitaji sufuria nzito yenye mfuniko, mwiko, chupa au bakuli zilizosuuzwa kwa maji yanayochemka, na vijiko 2 vya supu vya yaurti hai isiyo na sukari. Hiyo ndiyo mbegu.

Chuja maziwa, bandika kwenye makala yasiyo makali, koroga hadi chini ili yasishike. Goma na Bukavu ziko juu, kando ya ziwa lililoko mita 1,460 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye digrii 95 na si 100. Haina shida. Yaurti inataka maziwa yafike digrii 85 tu. Yakianza kupanda, punguza makala na uyaache yatokote taratibu dakika 10 huku ukikoroga. Dakika hizo zina kazi mbili: kuua vijidudu, na kulainisha protini za majimaji ili zishikane na kufanya yaurti nzito. Anayeepua mara tu maziwa yanapopanda hupata yaurti nyepesi kisha akailaumu mbegu. Yakiungua chini usikwangue. Hamishia sufuria nyingine.

Sasa yapoze hadi digrii 43 au 45. Sufuria ikiwekwa ndani ya beseni la maji baridi inachukua dakika 10 hadi 15. Kupima, osha mkono vizuri na uchovye kidole kidogo: ukiweza kuhesabu hadi kumi huku joto likikuuma kidogo lakini halikutoi mbio, umefika. Ukitoa kidole kwenye tano, ngoja. Ukihesabu kumi bila kuhisi kitu, yamepoa mno. Rudisha kwenye makala kidogo.

Lainisha mbegu kwenye kikombe kwa maziwa kidogo ya sufuria, kisha rudisha yote na ukoroge mara chache. Mimina kwenye chupa, funika, zungushia blanketi nene na uweke ndani ya katoni au kikapu. Usiku wa huku unashuka hadi digrii 15 hivi, hivyo blanketi peke yake wakati mwingine halitoshi: weka kando yake bidoni ya lita 5 ya maji ya moto, ndani ya blanketi hilohilo. Termosi ya mdomo mpana ni bora zaidi. Isuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina.

Usiifungue wala kuitikisa. Baada ya muda wa saa 6 hadi 8 inakuwa imeganda. Kwa tumbo la laktosi tunapendelea iachwe hadi itimize muda wa saa 10, ichachuke zaidi. Kisha iweke mahali pa baridi muda wa saa chache kabla ya kuikoroga. Toa vijiko viwili vya mbegu ya kesho kabla ya kutia sukari.

Kwa maziwa ya unga je?

Hapa kuna njia rahisi ya kupata joto sawa bila kidole wala kipimajoto. Changanya kikombe 1 cha maji yanayochemka na vikombe 2 vya maji yaliyochemshwa jana na kupoa ndani ya nyumba. Hesabu yake inaangukia digrii 45 hivi. Tia unga wenye mafuta gramu 130 hadi 150 kwa kila lita ya maji, koroga hadi mabonge yaishe, ongeza mbegu, funika kama kawaida. Unga na mbegu vinashusha joto kwa digrii moja au mbili, na hapo ndipo panapotakiwa.

Kuongeza unga mwingi kunaifanya yaurti nzito ya kupendeza, lakini pia kunaongeza laktosi. Usipite gramu 150.

Yaurti yangu haikuganda. Kosa liko wapi?

Kama baada ya saa 8 ni maziwa tu, hayana hata uchachu, sababu kubwa ni tatu: maziwa yalikuwa moto mno na mbegu ikafa (zaidi ya digrii 55 hazivumiliki); mbegu yenyewe ilikuwa ya aina iliyopashwa moto; au maziwa yana antibiotiki. Hii ya mwisho watu hawaifikirii. Ng'ombe akidungwa dawa ya kiwele, dawa hubaki kwenye maziwa siku kadhaa, na kiasi kidogo mno cha penisilini kinatosha kusimamisha Streptococcus thermophilus. Kuchemsha hakuiondoi. Kupeleleza ni rahisi: mbegu ileile itie kwenye maziwa ya unga. Ikigandisha, mwenye kosa ni maziwa ya bidoni, na muuzaji aambiwe.

Kama imechachuka lakini ni nyepesi, maziwa yalitiwa maji au hayakutokota dakika za kutosha. Ikiwa inavutika kama ute, ilipoa mapema. Majimaji ya kijani-njano juu yake ni ya kawaida. Yakizidi, iliachwa muda mrefu au ilitikiswa. Chembechembe na uchachu mkali hutokana na mbegu nyingi mno: vijiko vinne si bora kuliko viwili. Mapovu, harufu ya pombe au ukungu wa rangi, mwaga yote. Usikwangue ukungu na kula kilichobaki.

Mbegu ileile ikisharudiwa mara tano hadi saba, uwiano wa wale bakteria wawili huharibika na ladha hubadilika. Nunua mpya.

Nikiiacha saa 24, laktosi inaisha?

Inapungua, haiishi. Uchachu unapozidi bakteria wenyewe wanasimama, na laktosi nyingine inabaki palepale. Wanaotangaza yaurti ya saa 24 kuwa "bila laktosi" wametia chumvi.

Kuichuja kwa kitambaa nako kunasifiwa kupita kiasi. Ni kweli majimaji yanayotoka yana laktosi, lakini hata maji yanayobaki ndani yana laktosi ya kiwango kilekile. Kwa gramu 100, tofauti na yaurti ya kawaida si kubwa. Ichuje kwa sababu ni tamu na inashibisha. Majimaji hayo, kama tumbo lako halivumilii, usiyanywe.

Umeme ukikatika inakaa muda gani?

Kwenye frigo inayofanya kazi, juma moja hadi mbili. Bila umeme, kwa ubaridi wa Goma, siku moja hadi mbili mahali pasipo na jua, chupa ikiwa ndani ya beseni la maji. Itazidi kuchachuka, na kwa laktosi hilo si baya. Kinachoiharibu haraka ni kijiko kilicholambwa na kurudishwa ndani. Lubumbashi, miezi ya joto ya Septemba na Oktoba, hesabu siku moja tu.

Maziwa ya mbuzi, ya UHT (yaliyopashwa moto mkali kiwandani ili yakae), au yaliyotolewa mafuta hayana nafuu?

Ya mbuzi yana laktosi gramu 4.4 hivi kwa mililita 100, ya ng'ombe 4.8. Tofauti hiyo tumbo haliioni. UHT na yasiyo na mafuta yana laktosi ileile. Maziwa yenye maandishi "sans lactose" yametiwa laktezi kiwandani. Ni matamu kidogo zaidi kwa sababu sukari imekwisha kutenganishwa, na ni salama kwako. Maziwa ya soya hayana laktosi kabisa.

Fromaji ya Goma naweza kula?

Kula. Fromaji ngumu inayotoka Masisi inatengenezwa kwa namna ya Gouda: laktosi nyingi inaondoka na majimaji siku ya kwanza, na iliyobaki inaliwa na bakteria fromaji ikikaa kuiva. Kipande cha gramu 30 kilichokaa majuma kadhaa kina laktosi chini ya nusu gramu. Changa sana, nyeupe na laini, ina zaidi kidogo. Siagi haina shida, samli ndiyo kabisa.

Mtoto wangu anaharisha tangu juma lililopita. Nimkataze maziwa?

Maziwa ya mama kamwe usiyakatize. Kuhara kunaweza kuunguza ukuta wa utumbo na kuondoa laktezi kwa muda, hasa baada ya rotavirusi au giardia (vijidudu vinavyoleta kuhara), na kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Laktezi hiyo hurudi, kwa kawaida ndani ya majuma mawili hadi manne. Ndiyo maana maziwa F-75 wanayopewa watoto mwanzoni mwa matibabu ya utapiamlo yana laktosi gramu 1.3 tu kwa mililita 100, na F-100 inayofuata ina 4.2.

Kwa mtoto wa zaidi ya miezi 6 ambaye kuhara kumefika siku 14, Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya ng'ombe yabadilishwe kwa maziwa yaliyochachushwa kama yaurti, vijiko vichache kila mlo, bila sukari nyingi. Lakini kuhara kwa siku hizo zote ni safari ya kituo cha afya.

Tena tofautisha. Kuhara kwa ghafla, kwingi, kama maji ya kuoshea mchele, pamoja na kutapika, si laktosi. Huko kwetu fikiria kipindupindu kwanza: anza kumpa maji ya chumvi na sukari ya ORS njiani ukielekea kituo cha matibabu. Yaurti ingojee.

Mtoto wangu akila yaurti anatoka vipele na midomo inavimba.

Hiyo ni mzio wa protini ya maziwa, si laktosi. Yaurti haisaidii hapo, inadhuru. Acha maziwa ya kila aina, ya mbuzi pia, na mpeleke kwa daktari. Akikoroma au kushindwa kupumua, nenda saa hiyohiyo.

Nikiacha maziwa kabisa, kalsiamu nitaipata wapi?

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Yaurti gramu 150 inatoa karibu 180. Nyingine tafuta ziwani: sambaza, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akiliwa mzima na mifupa yake ni hazina ya kalsiamu. Ndakala wa Lubumbashi vilevile. Sombe na maharage vinaongeza. Lengalenga ina kalsiamu nyingi lakini oksalati iliyomo inazuia sehemu yake isinyonywe, basi usiitegemee peke yake.

Vidonge vya laktezi vinafaa?

Vinafaa ukivipata farmasi. Kinachotakiwa ni uniti 4,500 za FCC (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya, huandikwa kwenye paketi), kumeza pamoja na tonge la kwanza, si baada ya tumbo kuanza kulia. Kwa yaurti hai wengi hawavihitaji. Ni vya siku ya harusi, pale krimu na keki haviepukiki.

Nimepewa antibiotiki, ciprofloxacin au doxycycline. Niendelee na yaurti?

Endelea, ila usivichanganye. Kalsiamu ya yaurti inaishika dawa na kuizuia isinyonywe. Meza dawa kwanza kwa maji, kisha ngoja saa 2 au zaidi kabla ya yaurti. Ukitangulia kula yaurti, acha saa 6 zipite kabla ya ciprofloxacin. Antibiotiki pia huua baadhi ya bakteria wa utumbo mpana waliokwisha kuzoea laktosi yako, kwa hiyo ukimaliza dozi anza tena na vijiko vitatu baada ya chakula cha mchana, upande kama mwanzo.